Kaburi la Mgomba

Bwera, 5 Machi 2025

Mpendwa Naswiba,

Ramadhani njema. Nakuandikia kwa anwani yako ya nyumbani, si ya kazini, na sababu utaiona.

Kwanza nikushukuru. Shirika lenu la nguvu za atomiki limenijulisha kwamba mahojiano ya usalama yatafanyika kwa video tarehe ishirini, na kwamba nikiyapita, nafasi ya ukaguzi huko Vienna ni yangu. Najua jina langu halikufika mezani kwao kwa miguu yake. Ni wewe uliyelibeba.

Hapa mpakani Mpondwe kazi haijabadilika. Malori yanapita katikati ya nguzo zetu za kupima mionzi, nguzo zinalia, nashuka na kifaa cha mkononi, nakuta vigae vya sakafuni au mbolea, vyenye mionzi yake ya asili isiyodhuru. Wiki iliyopita waliletwa watu wawili na kopo la rangi ambalo walidai lina urani kutoka ng'ambo, Kongo. Ndani mlikuwa na mawe ya mtoni yaliyopakwa rangi ya fedha. Sajini Musitafa, mkuu wa lindo la darajani, alicheka mpaka akakaa chini. "Dokta, hii bomu ni ya kusugua miguu!" Mimi si daktari wa kitu chochote, lakini ameamua.

Sasa jambo lenyewe. Jana, siku ya soko, walimshika mtu darajani asiye na kitambulisho. Anasema anaitwa Kathembo, mwana wa Zedekia wa Kyarumba. Yaani mdogo wangu.

Unakumbuka yaliyotokea. Alivuka kwenda Kongo kutafuta kazi katika machimbo, habari zake zikakatika, kisha akaja mtu na taarifa kwamba shimo limemfukia. Mwili haukupatikana. Kwa desturi yetu, mwili ukikosekana, shina la mgomba huvikwa sanda na kuzikwa badala yake. Tulilizika kando ya kahawa ya baba. Wewe mwenyewe ulikuja kuhani, ukaketi na mama mkekani.

Nilimtazama kupitia dirisha la mahabusu. Nilitarajia moyo wangu ufanye jambo fulani. Haukufanya. Nilirudi kwenye nguzo zangu, nikapima lori la saruji.

Katika maombi yangu ya kazi nilieleza kwamba nina ndugu mmoja wa kiume, naye amefariki. Nilipoandika hivyo ilikuwa kweli. Sasa sijui ni nini. Na unalijua neno la Shirika kuliko mimi: tamko liwe sahihi, na liwe kamili. Ndivyo mnavyoyadai mataifa yanapotangaza nyuklia yao. Sioni kwa nini nidaiwe pungufu.

Sajini anataka mtu wa familia amthibitishe. Asipopatikana, mtu huyu atarudishwa ng'ambo. Nishauri.

Wako,
Rusi


Vienna, 7 Machi 2025

Munnange, rafiki yangu Rusi,

Nimeisoma barua yako ndani ya tramu, nimefunga, koo kavu kama gunia, na nusura nipitilize kituo changu.

Hebu nikuulize. Wewe ambaye makopo yote ya rangi ya Mpondwe yamepita mikononi mwako, leo unataka kununua hili? Bwera nzima inajua binti Zedekia anakwenda Ulaya. Kaka yangu Siraj, mwenye malori hapo Bwera, aliambiwa na wapagazi kabla mimi sijamwambia. Jina la marehemu na kijiji chake ni habari ambazo hata mbuzi wa soko anazo. Mtu anahitaji nini zaidi? Uso uliokonda na machozi kidogo.

Mtendee kama tunavyolitendea tamko la nchi. Usilikubali, usilikatae, lihoji. Muulize mambo ambayo aliyekulia ndani ya nyumba tu ndiye anayajua.

Na mpaka tarehe ishirini ipite, usiseme kitu. Huo si uongo. Mkaguzi hatoi taarifa kabla hajamaliza kukagua. Unajua nini kitatokea ukijitwika ndugu aliyeishi miaka yote hiyo katika machimbo yanayolindwa na wenye bunduki. Hawatakukataa. Watakuambia faili lako linachunguzwa, nalo litachunguzwa mpaka mvi zikudondokee ndani ya chai. Nimeona ikimpata mtu aliyetuzidi sote wawili.

Nikwambie na hili, ingawa halina uzito wa hoja. Kutoka pande zetu niko peke yangu hapa. Kwenye mikutano, ikitajwa Kongo, wote wananigeukia kana kwamba mimi ndiye ramani. Ukija tutakuwa wawili. Nimechoka kuwa mmoja.

Naswiba


Bwera, 11 Machi 2025

Mpendwa Naswiba,

Nimefanya ulivyoshauri.

Nilimkuta ameketi sakafuni. Jino moja la mbele halipo, na Kiswahili chake kimekuwa cha ng'ambo kabisa.

"Yaya Rusi," alisema. Huko ndivyo wanavyomwita ndugu mkubwa.

Nilimwambia nina maswali.

"Uko polisi sasa?"

"Hapana."

"Basi uliza. Hata padri anaulizaka."

Nikamuuliza mama alikuwa akificha wapi ufunguo wa jikoni. Alinitazama, kisha akacheka, na pengo likaonekana. "Yaya, unanitega? Ufunguo gani? Mulango ya jikoni ilikuwaka na kamba tu." Ni kweli. Ulikuwa mtego.

Nikamuuliza nani alimpasua kichwa binamu yetu Davis.

"Mi. Na jiwe. Lakini wewe njo ulisema ameanguka."

Na hilo ni kweli, ni mimi niliyesema ameanguka.

Swali la tatu nilikuwa nimeliweka akiba. Alipokuwa mdogo alivunjika mguu juu kabisa mlimani, kwenye mashamba ya maharage, na hakuna njia ya gari. Nilimuuliza nani alimbeba mpaka barabarani.

"Wewe."

"Si baba?"

"Baba hakukuwako. Njo wewe, Yaya. Ulinifunga kwa mugongo na leso ya mama."

Naswiba, hadithi hii naijua. Baba aliisimulia mwenyewe siku ya mazishi, mbele ya kanisa zima: mvua, utelezi, mtoto akilia mgongoni mwake. Watu wazima walitoa leso wakafuta machozi. Nikifumba macho namwona baba akishuka kile kijia. Kwa hiyo majibu mawili ni sahihi na moja si sahihi, nalo ndilo zito kuliko yote. Kopo lililojazwa mawe nalo huwekewa chembe chache za kitu halisi juu, ili mnunuzi aamini.

Nikampigia baba. Alisikiliza mpaka mwisho. "Rusi, mwanangu nilimzika mbele ya kanisa zima. Mtu wa mpakani simjui. Na wewe humjui." Akakata. Baba hajawahi kunikatia simu.

Nikamweleza Sajini Musitafa kwamba siwezi kuthibitisha.

"Huwezi kuthibitisha, ama si yeye?"

"Siwezi kuthibitisha."

"Dokta, kwangu hapa kuko mbili tu. Ni yeye, ama si yeye."

Nilirudia maneno yale yale. Yalitoka vizuri, kwa sauti ya kazini. Sina hakika kama nilikuwa mwangalifu au nilikuwa nimejificha ndani ya uangalifu. Kwa nje havitofautiani.

Rusi


Vienna, 13 Machi 2025

Rusi mpenzi,

Umefanya vyema. Nasema hivyo bila kusita na ninakuomba ulipokee bila kusita. Ulihoji, ukapata hitilafu, ukaieleza kama ilivyo. Hakuna mkaguzi hapa ambaye angefanya zaidi.

Kuhusu mahojiano: vaa koti lile la kijivu, kaa mahali penye mwanga, na wakikuuliza kwa nini mtu aliyesomea fizikia akachagua kufukuzana na silaha ambazo hajawahi kuziona, usiwape falsafa. Waambie kwamba silaha kubwa huanza kama mzigo mdogo kwenye lori, na mtu aliyesimama darajani ndiye anayeuona kwanza. Wanapenda daraja. Wengi wao hawajawahi kusimama juu ya lolote.

Sina habari nyingine ya kukupa. Siraj anakusalimu.

Naswiba


Kasindi, 15 Machi 2025

Yaya Rusi,

Minakusalimia sana. Hii barua anakuletea mama Jamira, ule anayebebaka unga kwa daraja.

Balinirudisha jana. Habakunipiga. Sajini wenu alinipatia mukate na soda, akasema, "Enda, usirudi bila mutu ya kwenu." Ni mutu muzuri.

Siko na kasirani. Kama mutu banamuzika, si rahisi kusema iko muzima. Habari ya mugomba niliisikiaka hapa Kasindi, kwa mutu wa kwetu. Nilicheka. Kisha sikucheka tena.

Ile swali ya muguu, niliona kwa macho yako jibu unataka. Ningesema baba, ungenipokea. Lakini haikukuwa baba. Siwezi kusema bongo, kudanganya, juu ya muguu yangu mwenyewe.

Kule kwa mashimo nilibeba mifuko tu. Benye bunduki balikuwako, njo balikuwa banatubebesha. Mi sikubeba bunduki. Unaweza kuamini ao hapana, sina mutu wa kunishuhudia, bengine bote shimo ilibafunika.

Mama iko namna gani? Anakohoa bado?

Minalala kwa depo ya saruji, karibu na duwane, kwa benye kulipisha ushuru. Kama hautajibu, haiko mubaya.

Kathembo


Bwera, 19 Machi 2025

Mpendwa Naswiba,

Jumapili nilipanda Kyarumba saa ambazo baba huwa kanisani. Mama alikuwa amebaki kwa sababu ya kifua chake, anachagua maharage kwenye ungo. Nilimuuliza nani alimbeba Kathembo siku ile ya mguu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Wewe," alisema, bila kuinua macho. "Baba yako alikuwa mbali, Kilembe. Ulipofika barabarani ulianguka naye, ukatapika."

"Mbona baba alisema ni yeye?"

"Mtu akizika anatafuta cha kusema. Hakuwa na chake, akachukua chako."

Nimejaribu tangu Jumapili kuikumbuka siku hiyo. Sipati kitu. Nakumbuka hotuba, siku yenyewe haimo. Mwili wangu ulimbeba mtoto mlima mzima, na ninayemwona kwenye kijia bado ni baba. Nilimpima mtu kwa kipimo kilichoharibika, Naswiba, na kipimo ni mimi.

Mama aliendelea kuchagua maharage. Wakati ule, alisema, kila nyumba yenye kijana aliyevuka ilikuwa ikipata wageni wa kuuliza, watu wa usalama wanaosaka waasi: yuko wapi, yuko na nani, atarudi lini. Walikuja kwetu mara nyingi nikiwa chuoni. Yule aliyeleta taarifa hakusema Kathembo amekufa, alisema huenda. Baba akalipokea huenda kama ndiyo. Alihitaji kaburi la kuwaonyesha. Walipoonyeshwa, hawakuja tena. Davis akaoa, nyumba ikatulia.

"Na wewe ulijua?"

"Nililia. Kilio hakiulizi kilichomo ndani ya sanda."

Kwa hiyo baba hakukana kwa kutojua. Alijenga kibanda kwa shina la mgomba, akatuingiza sote ndani, na mimi nikatoka humo na tamko langu mkononi, nikaliita la kweli.

Kisha jana Siraj alinisimamisha mjini Bwera. "Rusi, yule jamaa mliyemrudisha alikuwa na paji lako la uso. Nilipita mahabusu kumpelekea maji, nikamwona. Hata Naswiba nilimpigia siku ile ile." Ilikuwa kabla ya barua yako ya pili. Nimeisoma tena, umeniambia hakuna habari nyingine. Sikulaumu, au labda nakulaumu na sijisikii nikifanya hivyo. Uliupokea ushahidi ukauweka mfukoni. Mimi nilifanya vivyo hivyo, ila kwa sentensi ndefu zaidi.

Usidhani nina uhakika. Aliyoyabeba huko machimboni siyajui. Anasema mifuko. Kilichokuwa ndani ya mifuko, na kilikokwenda, ndilo swali ambalo Shirika lenu linalipwa kuuliza, na mimi ningekuwa wa kwanza kuliuliza kama angekuwa ndugu wa mtu mwingine. Lakini kwamba ni Kathembo, hilo silitilii shaka tena.

Kesho nitawaambia kwamba nina ndugu, yuko hai, yuko Kasindi, na sijui yote aliyoyafanya. Hilo si tamko kamili. Ni la kadiri ninavyojua.

Tafadhali usinipigie kabla.

Rusi


Vienna, 23 Machi 2025

Rusi,

Wameniita. Kwa adabu kabisa, na chai ambayo kwa sababu ya saumu sikuweza kuinywa, jambo ambalo nalo walisahau. Nafasi anapewa aliyekufuata kwenye orodha. Faili lako "linabaki wazi". Kisha wakaniuliza tangu lini nilijua kwamba ndugu yako yu hai, kwa kuwa ni mimi niliyekupendekeza. Niliwaambia kweli, tangu Siraj aliponipigia. Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao sitakwenda kwenye ukaguzi. Nitakaa ofisini nikisoma taarifa za wengine. Wanasema ni kwa muda.

Nilitaka kukuandikia barua ya hasira. Nimeianza mara kadhaa na kila mara inageuka kuwa ya kujitetea, nikaichana. Nilikuwa na hesabu nyepesi: mtu huyu amekwisha kufa kwenu, na angeweza kuendelea kufa kwa wiki mbili zaidi. Wiki mbili, Rusi. Baada ya hapo ungefika huku, ungemtumia wakili, karatasi, kila kitu. Nilifikiri anayengoja amezoea kungoja.

Hakuna hata mmoja hapa ambaye angepanda Kyarumba kufukua mgomba. Ungepita. Ndilo linaloniuma, na najua halikupaswa kuwa hilo.

Je, una nafuu sasa? Nadhani najua utakavyojibu: kwamba huna uhakika.

Niandikie, lakini si wiki hii.

Naswiba


Bwera, 25 Machi 2025

Kathembo,

Barua yako ilinifikia. Nimechelewa kuijibu kwa sababu nilitaka kwanza kuwe na la kujibu.

Jana nilikwenda kwa Sajini Musitafa, nikamwambia wewe ni ndugu yangu.

"Kwa nini hukusema siku ile, dokta?"

"Nilikuwa bado nathibitisha."

"Na sasa umethibitisha?"

"Kiasi."

Alichukua kalamu. "Mimi naandika ni yeye. Hiyo kiasi yako utabaki nayo mwenyewe." Akaniambia uje na mimi niwepo.

Kwa hiyo njoo Ijumaa, ambayo nayo ni siku ya soko, asubuhi. Pita darajani, usipite mtoni. Watakuhoji: polisi, kisha wengine, pengine siku kadhaa. Watauliza kuhusu mifuko, nani aliibeba na wewe na ilikuwa ikipelekwa wapi. Jibu unayoyajua na usiongeze. Nitakaa karibu, lakini siwezi kukujibia, kwa kuwa sikuwapo. Na baada ya hapo, wale waliokuwa wakija nyumbani kuuliza huenda wakaanza kuja tena. Baba ameonya hivyo, na sidhani amekosea.

Nilipanda kumweleza. Alikuwa akipogoa kahawa. Alinipa onyo hilo, ila hakuondoka, na alipomaliza mche mmoja alihamia mwingine ulio karibu nami. Mama anasema usiingie kwa mlango wa nyumba kabla shina halijatolewa ardhini, na kwamba halitatolewa mpaka wewe mwenyewe usimame uani watu wakuone. Nani atashika jembe, hakusema. Nilimwambia Davis, akasema mpaka Ijumaa atakuwa amejua kama atalishika yeye. Mpaka shina litolewe utalala kwake. Mama bado anakohoa.

Kazi niliyokuwa niende kuifanya mbali imepewa mtu mwingine. Nakuambia kwa sababu utaisikia sokoni, na watu watasema ni kwa ajili yako. Ni kwa sababu nilisema uko hai. Sijui kama hayo ni mambo mawili.

Kuna jambo moja ulijue kabla hujavuka. Nilipokuona mahabusu sikuhisi kitu. Nilidhani nikilisema jina lako mbele ya wanaostahili kulisikia, kitafunguka kitu ndani yangu. Nimelisema mara mbili, na hakijafunguka. Pengine ni uchovu, pengine ndivyo nilivyo siku hizi. Usingoje nilie, wala nikukumbatie mbele ya wapagazi. Utanikuta nimesimama pale malori yanapopimwa, na huenda nikasimama tu. Usidhani nimekukana tena. Nitakuwa nimekuja kukupokea, na hivyo ndivyo nitakavyoweza.

Dada yako,
Rusi